Buibui nyumbani: yupi akae, yupi atoke, na kwa njia gani

Ukimwona buibui ukutani una njia nne: umwache alipo, umhamishe, ufagie utando wake tu, au upulize dawa. Wengi wetu hushika moja kati ya hizo tukaifanya sheria ya nyumba nzima, kuanzia barazani hadi chooni. Yuko anayepuliza kila wikiendi mpaka samaki wa kwenye tangi wanaelea tumbo juu, na yuko mwenye huruma aliyeziacha tando mpaka haijulikani dari ya jikoni ilipakwa rangi gani. Mimi naona nyumba moja huhitaji njia tatu za mwanzo kwa pamoja, kila moja mahali pake, na ya nne mara nyingi ibaki dukani. Lakini huwezi kuchagua njia kabla hujamjua buibui mwenyewe, kwa hiyo tuanze na wao.

Watega tando na wawindaji

Duniani zimeshaorodheshwa zaidi ya aina 50,000 za buibui, na karibu wote wana sumu. Hilo lisikutishe. Sumu hiyo ni ya kumlegeza nzi au nondo, na buibui wengi wa nyumbani meno yao hayana nguvu ya kupenya ngozi ya mtu. Kwa kazi yetu ya kuchagua, wagawe makundi mawili tu: wanaotega utando na kusubiri, na wasiotega, wanaotembea kutafuta windo.

Mtegaji unayemfahamu zaidi ni yule mwenye kiwiliwili kidogo na miguu mirefu myembamba, anayening'inia kichwa chini kwenye kona za choo, stoo na nyuma ya kabati. Mguse, atautikisa utando wake kwa kasi mpaka usimwone sawasawa. Utando huo haunati. Mdudu hujitatiza miguu kwenye nyuzi, kisha buibui humrushia nyuzi zaidi kwa miguu ya nyuma na kumfunga kabla hajamsogelea. Hula mbu, nzi wadogo, sisimizi, na hata buibui wenzake wanaomzidi ukubwa.

Hasara yake ni ya usafi. Anajenga ovyo, anahama, anajenga tena, na utando alioutelekeza hukusanya vumbi na masizi ya jiko la mkaa. Chini yake ukutani hubaki madoadoa. Ukiyachunguza malalamiko ya watu juu ya buibui, sehemu kubwa ni malalamiko ya tando kuukuu ambazo mwenyewe alishaziacha. Hapo ufagio mrefu unatosha, wala hakuna sababu ya kuua mtu.

Wawindaji ni wasafi zaidi ila wanatisha zaidi. Wa kwanza ni buibui bapa wa ukutani, rangi ya kijivu na kahawia, aliyejilaza kiasi kwamba hana hata kivuli. Unamwona nyuma ya picha au juu ya mlango, ukisogea anakwenda upande kwa kasi ya ajabu na kupotea nyuma ya fremu. Hana haja na wewe. Usiku anatafuta nondo, mbu na mende wachanga.

Wa pili ndiye anayewafanya watu wapande juu ya viti. Wataalamu humwita Heteropoda venatoria, na ameenea karibu nchi zote za joto kwa kusafiri na mizigo, hasa ya ndizi. Miguu ikinyooshwa huweza kufika sentimita 12. Jike hubeba kifuko cha mayai chini ya mwili wake, cheupe, cha mviringo, na ukimwona hivyo ndipo anapoonekana mkubwa kuliko alivyo. Akibanwa mkononi anaweza kuuma na kuuma kwenyewe kunaumiza, lakini si jeraha la kulaza mtu hospitali. Chakula chake akipendacho ni mende. Sasa hapo ndipo pa kujiuliza vizuri, kwa sababu mende hutoka kwenye shimo la choo akapita juu ya sahani zako, na buibui huyu sahani hana kazi nazo. Nikilazimishwa kuchagua mmoja wa kukaa naye jikoni usiku, sihitaji hata kufikiri.

Wa tatu ni mrukaji, mdogo wa nusu sentimita hadi moja, mwenye macho manane, mawili ya mbele makubwa. Huwinda mchana, dirishani na kwenye kuta zenye jua. Huyu ndiye buibui pekee anayegeuka kukutazama ukimkaribia. Mtu anayeogopa buibui na anataka kuzoea, aanze na huyu.

Mrukaji wa Ziwa Viktoria

Kuhusu warukaji kuna habari ambayo watu wa Kisumu, Homa Bay na Entebbe wangepaswa kuijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo mrukaji anayeitwa Evarcha culicivora. Alielezwa kisayansi mwaka 2003, na utafiti mwingi juu yake umefanyika Mbita, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE. Mwaka 2005 watafiti walionyesha jambo ambalo halijapata kuonekana kwa buibui mwingine: huyu akipewa mbu wa aina mbalimbali, huchagua jike aliyekwisha kunywa damu. Hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu anaipata kwa mlango wa nyuma, ndani ya tumbo la mbu.

Wachanga wao ni wakali zaidi kwa Anofelesi, mbu anayeeneza malaria. Anofelesi akitua huinua tumbo juu, na buibui mchanga, mdogo kuliko windo lake, huzunguka kwa nyuma akaingia chini ya tumbo hilo na kuruka kutokea hapo. Mwaka 2011 ikaonekana pia kwamba buibui hawa huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, kwa kuwa penye harufu ya mtu ndipo penye mbu mwenye damu. Harufu ya mimea ya lantana na mbarika nayo huwavuta.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu huku kwetu dawa ya mbu hupulizwa ukutani bila kutazama nani mwingine yuko ukutani. Hata hivyo tusitiane moyo kupita kiasi. Buibui hapunguzi mbu kiasi cha wewe kuacha chandarua. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa hata kama nyumba ina warukaji kila dirisha.

Kwa haraka

| Buibui | Utamkuta wapi | Faida | Hukumu yangu |
|---|---|---|---|
| Miguu mirefu | Kona za choo, stoo, dari | Mbu, nzi, sisimizi | Akae. Utando wa sebuleni ufagiliwe |
| Bapa wa ukutani | Nyuma ya picha, juu ya milango | Nondo, mende wachanga | Akae |
| Mkubwa mla mende | Jikoni, stoo, bafuni | Mende | Akae stoo. Chumba cha kulala ahamishwe |
| Mrukaji | Madirisha, kuta zenye jua | Nzi, mbu | Akae popote |
| Mjane wa kahawia | Chini ya viti, vyungu, geti | Wadudu watambaao | Atoke |

Huyu atoke

Mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, ni ndugu wa yule mjane mweusi wa hadithi za kutisha. Yuko Afrika Mashariki na Kusini na sehemu nyingi za dunia zenye joto. Rangi yake ni kahawia yenye mabaka, miguu ina pingili za rangi nyeusi na nyeupe, na chini ya tumbo la mviringo ana alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizogusana ncha. Usiinue kitu kwa kidole ili kutafuta alama hiyo. Tazama mayai: kifuko chake ni cha mviringo, rangi ya maziwa yaliyochacha, na kimejaa vinundu vyenye ncha pande zote, kama tunda changa la mbarika. Hakuna buibui mwingine wa nyumbani mwenye kifuko cha namna hiyo.

Makazi yake ni mahali mkono unapoingia bila jicho kutangulia. Chini ya kiti cha plastiki cha barazani, ukingoni mwa chungu cha maua kwa ndani, nyuma ya mita ya maji, kwenye komeo la geti, ndani ya kiatu cha shamba kilichoachwa nje. Utando wake ni wa ovyoovyo lakini nyuzi zake ni ngumu, ukiukata unausikia. Yeye mwenyewe ni mwoga, akiguswa hujikunja na kudondoka. Watu wengi walioumwa naye hupata maumivu ya mahali palepale tu, ila sumu ni ya jamii nzito, na kwa mtoto mdogo sitaki kujaribu bahati.

Vaa glavu au funga mkono kwa kitambaa kizito, chukua brashi kuukuu, msage yeye na kila kifuko cha mayai, kisha geuza viti vyote vilivyobaki. Kifuko kimoja ukikiacha hukufanya kitu. Baada ya hapo ni mazoea: viti vya nje vigeuzwe vinapofagiliwa, viatu vya nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Mtu akiumwa na buibui yeyote, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Maumivu yakipanda, misuli ikikaza, jasho likatoka bila joto au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali, na picha ya buibui iende naye kama ipo. Kuchanja kwa wembe na kupaka majivu kunaongeza kidonda tu.

Lawama isiyo yake

Mtu huamka asubuhi na mstari wa malengelenge shingoni, na nyumba nzima inasema amekojolewa na buibui. Mara nyingi mhusika ni yule mdudu mwembamba, mweusi na mwekundu kwa vipande, anayeitwa nzi wa Nairobi. Hata nzi si nzi. Ni jamii ya mbawakawa, wa kundi la Paederus. Haumi. Ana sumu ndani ya mwili, na ukimponda juu ya ngozi sumu hiyo huunguza, kwa kawaida baada ya saa 12 hadi siku mbili, ndiyo maana mtu hakumbuki alichokiponda. Huzidi wakati wa mvua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwaleta kwa wingi sana Kenya. Mpeperushe kwa kupuliza pumzi, osha mahali alipopita, zima taa usizozihitaji. Kumuua buibui kwa kosa hili ni kumwondoa mmoja wa wale wanaopunguza wadudu wa usiku ndani.

Ufagio, gilasi au kopo la dawa

Sasa njia zenyewe. Ufagio ni rahisi na haumdhuru mtu, na ukiuzungushia kitambaa chenye unyevu utando unajizoa wote badala ya kudondoka juu ya kochi. Onyo moja: wapo wanaochoma tando kwa karatasi iliyowashwa. Chini ya paa la makuti au dari ya ubao, huko ni kuomba kikosi cha zimamoto.

Gilasi na kipande cha kadibodi hufaa kwa mrukaji na kwa yule mkubwa akiwa ametulia. Kwa bapa wa ukutani ni kupoteza usiku, hakamatiki. Ukimhamisha buibui wa ndani usimtupe katikati ya nyasi penye kuku. Mpeleke stoo, bandani au chini ya upenu, anakoweza kuendelea na maisha yaleyale.

Kopo la dawa linavutia kwa sababu matokeo yanaonekana papo hapo. Dawa nyingi za kopo ni kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, ua linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Ukimlenga buibui mwenyewe anakufa. Lakini ile inayobaki ukutani humpata vibaya zaidi mende, anayetambaa tumbo likigusa na kujilamba papasi zake za kichwani, kuliko buibui anayetembea kwa ncha za miguu. Kwa hiyo unapuliza ukuta mzima, buibui waliokuwa juu wanabaki, na waliolengwa mmoja mmoja tu ndio waliokufa. Mende nao wana kinga yao: mayai yamo kwenye kifuko kigumu, na kwa mende wadogo wa jikoni kifuko kimoja huwa na mayai 30 hadi 40. Wakitotolewa wanakuta mwindaji uliyemlenga jikoni hayupo tena. Dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na nyuki, na permethrini, mojawapo ya kemikali hizo, ni hatari kwa paka. Nikipima yote, kopo lina nafasi pale tu mjane wa kahawia amejificha kwenye tundu brashi isikofika.

Wengine husema hawana haja na buibui kwa kuwa wana mjusi. Ni kweli mjusi wa ukutani anakula mbu na nondo wengi, ila anakula na buibui vilevile, na kinyesi chake cheusi chenye ncha nyeupe hakichagui, kitanda ni chake na kibao cha chapati ni chake. Pwani anaitwa mjusi kafiri, na kuna simulizi kwamba aliupulizia moto aliotiwa Nabii Ibrahim. Buibui katika simulizi hizohizo yuko upande wa pili: alitanda mlangoni mwa pango la Thauri Mtume alipojificha humo na Abubakar, na waliokuwa wakiwasaka wakapita. Ndiyo sababu nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani hazimuui. Lakini Kurani ina sura nzima yenye jina la buibui, ya 29, na aya yake ya 41 inasema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni ya buibui. Kwa hiyo bibi akisema, "Mwacheni huyo, alimficha Mtume," mjukuu anaweza kujibu kwa adabu, "Sawa bibi, yeye abaki, nyumba yake tuifagie." Sijui mapatano mazuri kuliko hayo.

Chumba kwa chumba

Chooni na stoo, acha. Jikoni, acha wawindaji na fagia tando zilizo juu ya jiko na vyombo. Sebuleni fagia kona kila mara, hasa kabla ya mama mkwe kufika. Chumba cha mtoto nakitoa nje ya mjadala: humo hamisha kila kinachotembea, si kwa hatari bali kwa sababu mtoto aliyeshtuka usiku atakufanya uamke wewe. Na mwenye hofu ya kweli ya buibui, inayomtoa jasho, asihubiriwe faida. Mpe chumba chake kisicho na buibui na wavu mzima dirishani.

Bustani ni habari nyingine

Nje sioni hoja ya kupuliza hata kidogo. Utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula tani milioni 400 hadi 800 za windo kwa mwaka, wengi wao wakiwa wadudu. Kwenye kitalu cha mchicha au sukuma wiki wanaokufanyia kazi ni buibui wakimbiaji wa ardhini. Watandikie matandazo ya nyasi kavu, wanapenda pa kujificha wakati wa jua, na unyevu unabaki kwa faida ya mboga. Juu ya maua kuna wale wafupi wa rangi ya ua lenyewe, wanaokamata hata nyuki na vipepeo. Buibui hachagui mdudu rafiki na adui, huo ndio upungufu wake. Bado bei ni ndogo.

Mfano mkubwa wa bei ya kuwakosa uko Indonesia. Mashamba ya mpunga yalipopulizwa sana, dawa iliua buibui na maadui wengine wa vipanzi wa kahawia, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mpunga, na vipanzi hao wakarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga.

Bustanini kuna wawili wa kuwaheshimu kwa umbali. Buibui mkubwa mwenye manyoya anayeishi kwenye shimo lililofumwa nyuzi hachokozi, ila akichokonolewa kwa kijiti anauma, na maumivu yake ni makali. Wekea shimo alama, watoto waambiwe. Wa pili ni yule wa utando wa dhahabu, anayetanda kati ya miti Zanzibar na mwambao. Nyuzi za ndugu yake wa Madagaska zilifumwa vazi lililoonyeshwa London mwaka 2012, kutoka kwa buibui zaidi ya milioni moja. Kwako kero yake ni kwamba anatanda kwenye njia, usawa wa uso. Kata nyuzi za upande mmoja kwa kijiti, atajenga upya pembeni. Ukibomoa zote anaweza kurudi palepale.

Na kama shida yako ni wingi wa buibui mlangoni tu, usianze na buibui. Tazama taa. Balbu nyeupe yenye mwanga wa samawati huita wadudu kutoka mtaa mzima, na buibui hutanda penye wadudu. Weka balbu ya mwanga wa manjano, au izime mkishaingia ndani. Baada ya muda utaona wamehamia kwa jirani mwenye taa nyeupe.